Kengele Nakubali, Wembe Sikubali

Darasa letu limegawanyika pande mbili kwa ajili ya mchezo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayelaumiwa, naomba nafasi niseme yangu.

Mchezo huo unaitwa Nomic. Uliundwa na Peter Suber, mwalimu wa falsafa huko Marekani, ukachapishwa Juni 1982. (Mwezi huo huo Bunge letu lilitia kifungu cha 2A katika katiba, Kenya ikawa ya chama kimoja kisheria hadi 1991. Mwalimu wa Historia alicheka nilipomwonyesha.) Una kanuni 29 za kuanzia. Zamu yako ikifika unapendekeza kanuni ibadilishwe, wenzako wanapiga kura, kisha unarusha dadu upate alama. Wa kwanza kufikisha 100 ndiye mshindi, mradi kanuni hiyo nayo haijabadilishwa!

Sisi hucheza saa ya chakula. Muhula wa pili mpiga kengele wetu, msichana mpole kabisa, alipendekeza kwamba asiyekuwa darasani kengele ikilia apoteze nusu ya alama zake. Tukainua mikono sote. Siku zote yeye huchelewa dakika tano. Kesho yake, lo! alipiga saa nane kamili, sisi tungali tunaosha sahani za githeri. Nilipoteza alama 12. Niliudhika, lakini nilimpa haki yake.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu, ambaye ndiye huenda na daftari la kanuni kwao jioni, alitangaza ushindi akiwa na alama 44. Kufungua daftari, palipokuwa na 100 sasa pana 40. Karatasi ilikuwa imeparuzwa kwa wembe hata mwanga unapita. Katika Nomic, hakimu ni yule aliyetangulia zamu. Siku hiyo ilikuwa mimi. Nikasema hajashinda.

"Mbona wa kengele ulimkubalia? Si mchezo wa wajanja huu?" akauliza. Wengi walimuunga mkono, ati mchezo ambao kila kanuni hubadilika hauna wizi. Jamani, swali hilo lilininyima usingizi. Lakini kengele ilipita mbele ya macho yetu, ikasomwa kwa sauti, tungeweza kuikataa. Wembe haukuomba kura ya mtu. Kanuni 101, ya kwanza kabisa, yasema wachezaji wote wafuate kanuni zilizopo wakati huo. Angependekeza mwenye daftari aruhusiwe kuparuza, pengine hata mimi ningempigia kura, maana ingekuwa kichekesho! Ila kama mtu anajiandikia usiku kwao, sisi wengine tunainua mikono ya nini?

Nakiri kwamba niliposimama kutoa uamuzi nilitamani hakimu awe mwingine. Wenzangu wangeweza kuutengua wote wakikubaliana, hawakukubaliana. Tulikuwa tukitembea pamoja kilomita tatu kila jioni. Sasa yeye hupitia njia ya mtoni, mimi ya barabarani. Daftari liko kabatini mwa Mwalimu wa Hesabu, mchezo haujaisha, na zamu bado ni yake.