PICHA ZA VIJANA WETU ZISIPOTEE

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twapenda kusema neno juu ya mali ambayo wengi hawaihesabu kuwa mali, nayo ni picha za muziki wa vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita.

Usukuma ni nchi ya ngoma tangu kale. Bagika na Bagalu walishindana uwanjani enzi za babu zetu. Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika mengi juu ya mila za Wasukuma, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku hizi vijana wamezaa muziki mwingine, nyimbo za Kisukuma zipigwazo kwa kinanda cha umeme na kompyuta. Wazee wengine huuita kelele. Sisi twasema, hata ngoma ya wazee ilikuwa mpya siku moja.

Picha za mitambo ya mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, ni tele. Lakini mchimbaji mdogo aliyepokea ujira wake akaenda kucheza jioni, picha yake i wapi? Imo katika simu. Simu ikitumbukia shimoni, historia nayo imekwenda.

Singeli ya Dar es Salaam yatufunza. Ilizaliwa uswahilini, ikadharauliwa. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa Sounds of Sisso, masikio ya ng'ambo yakafunguka. Hatuwalaumu wageni, aibu ni yetu tukingoja mgeni atuonyeshe uso wetu wenyewe.

Basi twashauri hivi. Matawi ya Chama, vyama vya wafanyakazi na maofisa utamaduni wazikusanye picha hizi, na kila moja iandikwe jina la mpigaji, mahali na tarehe. Tena apigwaye aombwe ruhusa kwanza, hasa akina dada, ambao picha ya furaha ya usiku mmoja yaweza kugeuzwa fedheha ya miaka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yamlinda mpiga picha; utu wetu na umlinde mchezaji.

Ndugu wafanyakazi, jasho lenu limeandikwa katika vitabu vya mapato. Furaha yenu nayo haina budi kuandikwa.