Msitu na kopo la mkaa

Mwaka 2013 Tanzania ilitoa mkakati wake wa MKUHUMI, yaani kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu, baada ya miaka ya majaribio yaliyofadhiliwa na Norwei. Tuna hekta milioni 48 za misitu na mapori, na makadirio ya serikali yanaonyesha tulikuwa tukipoteza hekta zaidi ya laki nne kila mwaka. Mkakati ule nauunga mkono. Kinachoniuma ni kopo la mkaa. Mama lishe wa Manzese, Dar es Salaam, hununua mkaa kwa kopo, kwa fedha aliyoipata siku hiyohiyo. Gesi haiuzwi kwa kopo. Huko Lindi, mkulima wa ufuta hufyeka msitu kwa kuwa shamba jipya lina rutuba (na nani atamlaumu, akiwa na watoto wa kusomesha?). Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kula mapato yake. Hapo ndipo sera ianzie: fedha ya kaboni, yaani malipo ya kupunguza hewa ukaa kwa kutunza misitu, ifike kwenye akaunti ya kijiji, isomwe mkutanoni, shilingi kwa shilingi, mbele ya wanaolinda miti hiyo.