Unga wa Dawa Una Elimu Yake

Mwanafunzi wa Migori aliyewahi kutumwa kinuni ameona unga wenye unyevu ukishikamana bombani hadi mwenye kinu aligonge, kisha ukaporomoka kwa mpigo. Kwa ugali si neno. Kwa dawa ni hatari.

Kidonge cha TLD, wanachomeza wengi wa Migori na Homa Bay kila siku kuzuia makali ya Ukimwi, kina miligramu 300 za tenofoviri, 300 za lamivudini na 50 tu za dolutegraviri. Hizo 50 zikipungua siku hadi siku, virusi hupata usugu.

Viwanda vingi huchanganya unga kwa mafungu. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu dawa nyingine ya Ukimwi, Prezista, itengenezwe kwa mfululizo huko Puerto Rico. Katika mitambo ya namna hiyo, pipa la unga hukaa juu ya mizani. Uzito ukipungua upesi mno, parafujo inayousukuma unga hupunguzwa kasi. Taabu huja pipa linapojazwa upya, kwani mizani hupofuka kwa muda.

Nasikia wakisema hayo ni mambo ya ng'ambo. Siafiki. Mwaka 2023 TLD ya kiwanda cha Universal, kilichoko Kikuyu, ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani. Nani atakiendesha kesho? Katika fizikia tunayofundisha, yabisi, kioevu na gesi vina sura zao. Ya unga sijaiona. Walimu wenzangu, faneli, mizani na kilo moja ya unga wa mahindi vyatosha kuanzia muhula huu.