Fuvu Halijui Jina Lake

Tangu Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilipotangaza kuwa mafuvu matatu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni wa Kijerumani yamepata ndugu walio hai Tanzania, mmezisikia hoja kuhusu habari hiyo redioni, kwenye vikao vya koo na ndani ya daladala. Nimezisikiliza hadi mwisho, hata zile zilizorudiwa mara tatu kwa sauti inayopanda. Ninyi wasomaji ndio mahakimu. Kila hoja nitaieleza kama mwenyewe angeieleza, kisha nitaihoji.

Kwanza, eti mifupa imekaa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo vinasaba vimeshaoza. Nusu yake ni kweli. Vinasaba hukatika vipande vipande, na fuvu la makumbusho hushikwa na mikono mingi inayoacha vinasaba vyake. Lakini kukatika si kwisha. Ndani ya jino, na ndani ya mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, hudumu sana. Wataalamu wameshasoma vya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Kwa maabara ya namna hiyo, mtu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900 amekufa juzi.

Hoja ya pili ina uzito. Wachagga wa Kilimanjaro na majirani zao, wanasema, wameoana kwa vizazi vingi, hivyo fuvu lolote la huko litafanana na mtu yeyote wa huko. Wajerumani wametuokotea fuvu na kulibandika ukoo. Haya, tuifuate hadi inakoishia. Mafuvu yaliyochaguliwa kupimwa yalikuwa manane. Kama kipimo hakibagui, yote manane yangepata wenyewe. Yalipata matatu, na kati ya hayo ni moja tu lililolingana kikamilifu, mawili yalikaribia. Tena mjukuu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani, alikitafuta kichwa cha babu yake kwa miaka mingi, naye alitoa sampuli. Hakupata kitu. Tapeli anayegawa mafuvu ovyo angeanza na mzee huyo, maana jina la Meli ndilo lililojaa magazetini. Huyu tapeli wetu amemnyima mteja wake mkubwa!

Hata hivyo, wapinzani hawa walikuwa na swali zuri zaidi mkononi wakaliacha lipite. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mwana karibu bila kubadilika. Ikilingana, inathibitisha mstari wa ukoo, lakini haisemi kama fuvu ni la babu au la mdogo wake babu. Jina basi lilitoka wapi? Juu ya fuvu lile lililolingana kikamilifu palikuwa pameandikwa neno moja: Akida. Hicho ni cheo. Aliyeandika aliona cheo kinamtosha marehemu. Watafiti wakalifuata neno hilo hadi kwa mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli, na kwa jamaa waliojua kuwa ni wazao wake. Sampuli zao ndizo zilizopelekwa kulinganishwa. Ushahidi huu, basi, ni chungu juu ya mafiga matatu: maandishi, kumbukumbu ya ukoo na vinasaba. Anayepiga teke figa la vinasaba peke yake aseme pia yale mawili yaliafikianaje nalo.

Wapo na mashabiki waliopitiliza upande wa pili. Hao wanasema wazee hawahitajiki tena: tupakie vinasaba vyetu kwenye kanzidata kama Marekani, na kila fuvu litajitajia jina. Mfano wao ni mtoto aliyekutwa ndani ya boksi huko Philadelphia mwaka 1957, akapata jina mwaka 2022. Ni kweli alipata. Lakini kazi ile hutafuta ndugu wa mbali miongoni mwa watu waliopakia vinasaba vyao kwa hiari, kisha hujenga mti wa ukoo kwa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Kanzidata hizo zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Na cheti cha kuzaliwa cha mtu wa Old Moshi wa mwaka 1870 mtakitoa ofisi gani? Kipo kwa bibi anayetaja mababu saba bila kukwama. Neno letu lenyewe, vinasaba, limezaliwa na nasaba. Mashabiki hawa wanataka mtoto bila mama.

Hoja ya nne naiheshimu kuliko zote: waliowapima mababu vichwa sasa wanawapima wajukuu mate, huo ni udhalilishaji, warudishe mafuvu yote bila masharti. Kuyarudisha nchini bila kungoja maabara, naunga mkono. Ila wasemaji hawa hawa, fuvu likifika, huwa wa kwanza kuuliza: mna hakika ni lake? Waulizeni Wahehe. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi sita kukabidhi fuvu la mtawala wao, Mkwawa. Ikapita miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Twining, alikwenda makumbusho ya Bremen, akachagua fuvu kwa kulinganisha upana na urefu wake na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, akaona na tundu la risasi, akaridhika. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi, kule Kalenga. Wapo wanaotilia shaka fuvu lile mpaka leo, na sababu ni kwamba lilitambuliwa kwa rula. Kijiti cha pamba mdomoni kinamdhalilisha mtu kuliko rula kichwani?

Ya mwisho ni hofu ya sampuli kuishia kwa polisi, nayo si ya kubuni. California mwaka 2018 muuaji alikamatwa kupitia jamaa zake wa mbali waliokuwa kwenye kanzidata ya GEDmatch. Hiyo ni sababu ya kudai mkataba wa maandishi, tena wenye ridhaa ya ukoo mzima, kwa kuwa anayetema mate anawasemea na binamu zake. Kulinganisha familia moja na fuvu moja hakuhitaji kanzidata ya umma.

Katika mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochunguzwa Berlin, 202 yalitoka Tanzania ya leo na 904 Rwanda. Mengi hayana hata neno moja kama lile la Akida. Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake hakikuwa miongoni mwa yale matatu. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka nani alichukuliwa, lini na kutoka kihamba gani, achukue daftari wiki hii.