Kasia iko, medali inakosekana juu ya nini?

Kwenye Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, watoto wengi wa pembeni ya maji wanajua kasia tangu udogo. Lakini kwenye Olimpiki ya Paris, mwezi wa 8 mwaka 2024, mbio 10 za mitumbwi zilikwisha bila Afrika kupata hata medali moja.

Nguvu si shida. Pirogi ya mvuvi inatengenezwa kwa kubeba nyavu na kuvumilia mawimbi. Mtumbwi wa mbio unabeba mchezaji tu: ule wa mtu mmoja una mita 5,20 na kilo 14 hivi. Anapiga goti moja, kasia upande mmoja. Bila mafundisho, anaanguka majini. Kule Paris, kwenye mita 200 za wanawake, Katie Vincent wa Kanada alimupita Nevin Harrison wa Marekani kwa sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Hiyo haitoki kwenye uvuvi, inatoka kwenye mazoezi ya miaka.

Brazil inaonyesha njia. Isaquias Queiroz ni mtoto wa Ubaitaba, mji mdogo wa pembeni ya mto. Alianzia kwenye mpango wa serikali wa michezo kwa watoto. Mwaka 2016 kule Rio alibeba medali 3, kisha akapata dhahabu kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Basi wakubwa wa michezo wasiulize kama vijana wa maziwa wanaweza. Waulize nani atalipa mitumbwi michache, mkufunzi mmoja, na jile za kuokoa watoto wasizame.