JASHO LETU SI KIZUIZI CHA MAENDELEO

Ndugu wanachama,

Yako maneno yanayotembezwa maofisini, na sasa yamefika hata gatini. Yasema hivi: chama cha wafanya kazi chafukuza matajiri, mkidai mshahara, meli zitahamia Dar es Salaam, na Afrika Mashariki itabaki nyuma kwa ajili yenu. Wako wenzetu wanaoyasadiki. Sisi twayakataa.

Tuulize kwanza, maendeleo ya nchi hizi hupita wapi? Ngano, chuma na mashine ziendazo Uganda na Sudan Kusini, nyingi hushuka Kilindini. Mizigo mingine ya Rwanda na ya mashariki ya Kongo hupita papa hapa. Hakuna gunia lililojishusha lenyewe. Basi anayeshusha mzigo wa nchi nyingi, ndiye anayezuia maendeleo yao?

Maneno haya ni ya zamani. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa nzima iligoma, gatini, relini na majumbani. Agosti mwaka ule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akahamishwa Baringo. Makhan Singh naye alikamatwa 1950, asiachwe huru mpaka 1961. Machi 1955 watu wa gatini waligoma tena. Tom Mboya akaja kusimamia shauri lao, wakapata nyongeza ya karibu theluthi ya mshahara. Je, bandari ilikufa? Bandari iko, na tangu siku zile imepanuliwa mara nyingi.

Tena tutazame fedha yenyewe. Mshahara wa kuli ukitoka Ijumaa, Jumamosi uko Kongowea kwa mwenye mahindi na kwa mwenye machungwa ya Tanga. Jumatatu uko kwa fundi cherehani na kwa karani wa shule. Faida ya mwenye meli hupanda meli ikaenda zake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi twachumia juani, na wanaokula kivulini ni wengine.

Na kibarua je? Jina lake latosha: kikaratasi kidogo, leo anacho, kesho hana. Mtu huyu hawezi kukopa, hawezi kujenga, hawezi kuahidi karo ya mtoto. Nchi iliyojaa vibarua itamuuzia nani bidhaa za viwanda vyake?

Sasa juu ya Dar es Salaam. Tukikubali ujira mdogo kwa kuwaogopa wenzetu wa huko, kesho wao wataambiwa wakubali mdogo zaidi kwa kutuogopa sisi. Bandari mbili zitashindana kushuka, na anayecheka ni yule yule. Dawa yake ni moja: wafanya kazi wa bandari zote mbili wajue mikataba ya wenzao, na pasiwe na upande wa kuuza jasho rahisi.

Tangu Julai 1, 2010 tuna Soko la Pamoja. Bidhaa zavuka mpaka, mitaji yavuka. Vyama vyetu vina shirikisho lao Arusha tangu 1988, lakini yanayosemwa Arusha hayajafika vya kutosha gatini. Tusisahau 1977. Jumuiya ilipovunjika, watu wa reli, bandari na posta walibaki kudai haki zao miaka mingi. Waliovunja hawakuwauliza.

Lakini kosa letu nalo tuliseme. Mwaka 1965 wafanya kazi wa Mombasa walipigana wao kwa wao kwa ugomvi wa vyama, na watu wakafa. Ndipo Serikali ikavunja mashirikisho yote mawili, na COTU ikaundwa. Tulipogawanyika, wengine walituamulia.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kila kibarua aingizwe katika mkataba wa chama, asiachwe nje ya lango. Viongozi wetu wakutane na wenzao wa Dar es Salaam, kisha watusomee mkutanoni waliyopatana. Na kila mwanachama alipe ada, ahudhurie, aulize.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya chama na haki ya mgomo. Lakini karatasi haitembei. Sisi ndio tutakaoitembeza.

Umoja ni nguvu!