Msikilaumu Kidude: Wimbo wa Kazi Haujafa

Kila tukikutana watu wa fasihi, lazima atokee mmoja wa kuomboleza. Atasema nyimbo za kazi zimekufa. Ukimwuliza nani kaziua, jibu analo tayari: hedifoni. Vijana wa siku hizi, atasema, kila mmoja kaziba masikio anasikiliza vyake peke yake. Hakuna fanani, hakuna hadhira, wimbo hauna wa kuupokea. Watu watatikisa vichwa, chai italetwa, kisha tutatawanyika.

Mimi msiba huu umenichosha. Nasema wimbo wa kazi haujafa, na kile kidude kidogo cha muziki cha kubana kwenye nguo hakijamuua mtu wala wimbo. Na kama kuna kitu kilichopotea mbele ya macho yangu, kilipotea mkononi mwa mwalimu wa Kiswahili, yaani mimi. Nitafika huko.

Kwanza kidude chenyewe, maana wengi wanaokisema vibaya hawajawahi kukimiliki. Nilinunua changu mwaka 2019 hapa Shinyanga mjini. Muuzaji alitaja elfu kumi na mbili, nikatoa kumi. Ni kidogo kama kiberiti, kina kibanio mgongoni, hakina kioo, kina vitufe na taa moja inayowaka na kuzima. Umbo hilo si geni. Kampuni ya Apple ilitoa iPod shuffle isiyo na kioo mwaka 2005, mwaka uliofuata ikatoa nyingine yenye kibanio, na mwaka 2017 ikaacha kuiuza. Wenye umbo lao waliacha, waigaji hawakuacha. Changu kilikuwa cha waigaji: jina hakina, memori kadi unatia mwenyewe, na kwenye boksi kuna picha ya dada wa Kizungu anakimbia ufukweni, hana hata tone la jasho.

Nami nilikinunua kwa sababu ya picha ile, nisiwe mnafiki. Nilikuwa nimenenepa, nikaamua kila alfajiri nizunguke Uwanja wa Kambarage. Aliyewahi kuwa nacho anazijua tabia zake. Chaji inaisha bila kuaga. Tundu la hedifoni linalegea mapema, unalibana kwa rababendi. Hedifoni ya kushoto inakufa kwanza, sijui kwa nini. Ukitaka wimbo wa hamsini, bonyeza mara arobaini na tisa. Jasho likiingia, kinaanza kuruka nyimbo chenyewe kama kimepandwa na pepo. Lakini hakidai bando, hakikuletei ujumbe wa anayekudai, na kikianguka hujavunja simu. Kwa elfu kumi, sikuwa na la kulalamika.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya corona, nilikwenda kwa mama mdogo Nyarugusu, mkoani Geita. Mama mdogo anaponda mawe. Kwa asiyejua: mwamba wenye dhahabu ukishatolewa kwenye duara, unavunjwa kwa nyundo mpaka uwe kama kokoto. Hapo unakwenda kwenye karasha kusagwa, na unga wake unaoshwa kwenye mwalo. Pale alipokuwa mama mdogo, waliokuwa kwenye nyundo ni akina mama. Wanakaa chini, miguu wameinyoosha, jiwe moja kubwa katikati, jingine linavunjwa juu yake. Malipo ni kwa ndoo.

Nikamwonyesha kidude changu, nikamwambia ni cha mazoezi.

"Mazoezi ya nini, baba?"

"Ya kutoa jasho, mama."

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akawaita wenzake waje wamwone mtoto wa dada yake anayenunua kitu ili atoe jasho. "Kaa hapa mwanangu," akasema, "huku jasho ni bure."

Basi nikamwachia kidude, na alichokifanya nacho ndicho ninachotaka waombolezaji wetu wakisikie. Alipokuwa peke yake alikitumia kama mimi, hedifoni moja sikioni. Alipokaa na wenzake aliichomoa memori kadi na kuitia kwenye redio ndogo ya mmoja wao, wakasikiliza wote. Kadi ilikuwa haikai mahali pamoja. Ilikuwa kwenye kidude asubuhi, kwenye redio mchana, jioni kwa kijana wa kibanda cha kuchajia simu, ambaye kwa shilingi mia chache anakutilia nyimbo: Bhudagala, kwaya, bongofleva, mahubiri, ukitaka hata vichekesho.

Katika kundi lile alikuwepo bibi mmoja aliyetokea upande wa Maswa. Ujana wake aliupitisha shambani na alizijua nyimbo za jembe, zile za bugobogobo. Pale Nyarugusu jembe hakuna, lakini kuna nyundo, na bibi alizihamishia kwenye nyundo. Yeye anaanzisha, wenzake wanapokea, nyundo zinashuka pamoja. Ndani ya wimbo wake alimsifu aliyemaliza ndoo wa kwanza, akamtania mvivu, na akauliza kwa nini ndoo ya mawe haina bei moja leo na kesho. Mwenye mawe akipita, beti hiyo inaimbwa kwa sauti zaidi. Yule kijana wa kibanda akawarekodi kwa simu yake, akaingiza kwenye kadi ya mama mdogo.

Wiki chache baadaye kadi ilikopeshwa kwa akina mama wa mwalo mwingine. Ikakaa siku mbili, ikarudi. Nilipopita kule kwa shughuli zangu niliwakuta wanaponda kwa wimbo ule ule, kwa midomo yao, redio imezimwa. Majina wameyabadilisha. Mvivu alikuwa mvivu wao. Beti ya bei ya ndoo walikuwa wameirefusha.

Sasa nawauliza, wenzangu wa fasihi, hilo linaitwaje? Tunalifundisha kila mwaka. Wimbo unatoka kwa fanani mmoja kwenda kwa mwingine, unabadilika kufuata mahali na hadhira, hakuna aliye na nakala ya mwisho. Lilitokea mbele yangu, na aliyeubeba wimbo kutoka kundi moja kwenda jingine ni yule yule tunayemshtaki kwa mauaji.

Wala si mara ya kwanza wimbo wa kazi wa huku kubadilisha kazi. Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi wa karne ya 19 walikwenda pwani na mizigo begani huku wakiimba. Walioshika jembe la kulima pamba waliimba. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa nyimbo, na bugobogobo yenyewe ilitoka shambani ikapanda jukwaani, leo unaiona Bujora na kwenye sherehe za shule, majembe yanarushwa juu na hakuna anayelima. Hatukusema jukwaa limeiua. Tulipiga makofi. Iweje memori kadi ndiyo iwe muuaji?

Sasa nifike nilikoahidi.

Mwishoni mwa Juni shule zilifunguliwa. Mama mdogo akanirudishia kidude. "Kakimbie, utaniletea kingine." Nikarudi Shinyanga, alfajiri ya kwanza nikataka kukimbia na nyimbo zangu. Kadi ilikuwa imejaa mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu tu. Sikujua lipi ni lipi, na sikukaa kusikiliza. Nikaichomeka kwenye kompyuta, nikafuta kila kitu, nikajaza muziki wa kukimbilia. Haikuchukua hata dakika. Nilijiambia yule kijana anayo nakala.

Hakuwa nayo. Nilipompigia Agosti, simu ile alikuwa ameshaiuza na yeye mwenyewe yuko njiani kwenda Chunya kufuata dhahabu mpya. Mwaka uliofuata bibi alifariki. Mama mdogo aliniomba ile sauti, binti yake bibi anaitaka. Ikabidi nimwambie. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe si ndiye mwalimu wa nyimbo?"

Wimbo upo. Wanauimba mpaka leo, na binti huyo yuko kwenye nyundo pale pale. Kilichopotea ni sauti ya mwanamke aliyeuhamisha kutoka kwenye jembe, beti alizozitunga yeye, na ushahidi kwamba ni yeye. Waimbaji hawakuzembea. Kijana wa kibanda hakuzembea, ndiye pekee aliyefikiria kurekodi. Msomi katika habari hii ni mmoja, na ndiye aliyebonyeza kitufe.

Najua nitajibiwa. Mtasema masikio yaliyozibwa ni hatari. Nakubali kabisa. Aliyeko kwenye winchi mdomoni mwa duara akitia hedifoni masikio yote mawili, asimsikie mwenzake anayepiga kelele chini, huyo anacheza na roho ya mtu. Dereva wa bodaboda vivyo hivyo. Wapigwe marufuku, nitaunga mkono. Lakini hilo ni suala la usalama kazini, msiligeuze kuwa nadharia ya fasihi.

Mtasema kidude kinamfungia mtu peke yake. Kwa mkimbiaji wa Kambarage, ndiyo, nami nilikimbia peke yangu hata kabla ya kukinunua. Mama mdogo nilimpelekea kingine, na hedifoni ya kushoto imeshakufa kama kawaida. Nilitaka kumbadilishia akakataa, anasema sikio la upande huo analihitaji kwa ajili ya wenzake.

Mtasema kunakili nyimbo vibandani ni wizi, msanii hapati kitu. Hapo mna hoja, na sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na COSOTA ipo. Wadaini. Lakini anayelalamika kwamba nyimbo zinanakiliwa mno hawezi papo hapo kulia kwamba zimekufa.

Hoja yangu kwenu ni nyingine. Mwaka 1989 Mulokozi alichapisha kwenye jarida la Mulika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi, na mpaka leo tunapanga tanzu tukimtazama yeye. Kazi kubwa ile, simlaumu. Nalaumu tulichoifanya. Tumegeuza ramani kuwa orodha ya kukariri. Wanafunzi wangu wanajua kuandika hodiya, wawe na kimai kwenye mtihani. Kwa miaka kadhaa nimewafundisha kimai, wimbo wa mabaharia, watoto wa Shinyanga ambao bahari hawajaiona, na wengine kati yao mama zao wanaponda mawe Kahama na Geita. Sikuwahi hata siku moja kumwambia mtoto: nenda kamwulize mama yako anaimba nini akiwa na nyundo, uandike, uje nacho darasani.

Aliyezikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa mamia, na kuzitolea kitabu kikubwa mwaka 2010, ni Mmarekani, Frank Gunderson. Namheshimu. Ila kitabu kimechapishwa Leiden, maelezo yake ni ya Kiingereza, na bei yake si ya mshahara wangu. Kanda za ngoma zilizorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi hazimfikii mama wa Nyarugusu. Kinachomfikia ni memori kadi. Kwa hiyo maktaba ya nyimbo za kazi ya ukanda huu wa dhahabu, tupende tusipende, iko kwenye vikadi vidogo kuliko ukucha, mifukoni mwa watu ambao hakuna msomi anayewatembelea. Kadi inaingia maji, inaibwa, inajazwa, inafutwa. Hapo ndipo kifo kilipo.

Sasa badala ya maombolezo mengine, nataka tufanye haya. Mwalimu ampe mwanafunzi kazi ya kwenda kusikiliza, na jina la mwimbaji liandikwe kabla ya jina la mwanafunzi. Anayerekodi aombe ruhusa, aandike nani, wapi, lini, na walikuwa wanafanya kazi gani. Nakala ziwe mbili, na moja ibaki kwa mwenye wimbo, kwenye kadi yake, achezeshe akitaka. Vyuo vyenye idara za Kiswahili vitume watu kwenye makarasha jinsi vinavyowatuma kwenye makongamano. Na wewe unayesoma hapa, ambaye una kidude droo gani sijui, kina kadi ya shangazi, ya kaka, ya rafiki aliyekwenda machimboni: usikifute kabla hujasikiliza mpaka faili la mwisho.

Mimi alfajiri bado nakimbia. Lakini faili lisilo na jina silifuti tena. Januari nakwenda Nyarugusu na daftari, na yule binti wa bibi amekubali kuniimbia, kwa sharti kwamba niponde ndoo moja kwanza.